Kwa somo yangu wa Pangani, kuhusu ule mwaridi wa uani

Raskazoni, Tanga

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, watoto ni wazima, goti langu ni lile lile, na masika yananyesha bila huruma. Natumai nawe pamoja na wote wa nyumbani mko salama. Umekuwa kimya tangu baada ya Ramadhani, nami nimekuwa kimya vilevile, kwa hiyo tusidaiane.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari aliyonipa Mama Salma alipofika hapa juzi kununua vitambaa vya harusi: kwamba warithi wamekwisha kukubaliana, nyumba ya bibi yako itatengenezwa upya, ukuta wa uani utabomolewa mara mvua zitakapokatika, na pale penye kisima patamwagwa zege ili magari yapate mahali pa kuegeshwa. Mambo ya mirathi si yangu na sitatia mdomo, ingawa kuegesha gari ndani ya ua ambao watu wamekuwa wakisomea maulidi... basi, tuyaache. Ninalouliza ni moja tu: ule mwaridi ulio pembeni mwa kisima, wenye maua ya pinki iliyopauka ambayo bibi alikuwa akiyachuma kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, utapelekwa wapi? Mama Salma hakujua. Alisema labda mafundi watauondoa pamoja na kifusi, akaendelea kuchagua lasi.

Nakuomba kwa hisani yako, kabla mtu yeyote hajaingia na sururu, unikatie vipandikizi vya mti ule. Najua utacheka kwamba mwanamke mwenye ua lililojaa mawaridi anaomba vijiti vya mti usio na mwenyewe, lakini nisome mpaka mwisho utaona kwamba sikuombi kwa sababu ya kumbukumbu peke yake.

Unaikumbuka miwaridi waliyoniletea wanangu kutoka Arusha. Aliyewauzia pale kitaluni aliwahakikishia kwamba inastawi popote penye jua. Wakati wa kaskazi maneno yake yalionekana kweli, kwani ilichanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama nje ya uzio, mmoja nyekundu, mmoja mweupe, na ule wa manjano ambao kila mtu aliutamani. Masika yalipoanza, majani ya chini yakatoa madoa meusi. Nimelilaza jani moja hapa mezani ninapoandika: doa lina upana wa milimita tano au sita, kingo zake si za mviringo safi bali zimechanikachanika, na pembeni yake jani limegeuka manjano mpaka kwenye kikonyo, nalo nililishika kwa ncha ya kidole tu likabanduka. Ugonjwa huanza chini na kupanda juu. Mti wa manjano sasa ni fimbo zenye miiba na kishungi cha majani kileleni, na ua ulilotoa wiki hii halizidi kifungo cha koti.

Wewe ulifundisha jiografia na mimi baiolojia, kwa hiyo nivumilie kidogo. Hiyo ni kuvu inayoitwa Diplocarpon rosae, nayo husafiri kwa matone ya maji yanayoruka kutoka ardhini na kutoka jani hadi jani. Jambo kubwa la kulijua ni kwamba mbegu zake haziwezi kuota na kuliingia jani mpaka jani likae limelowa kwa muda wa saa saba hivi mfululizo. Hebu fikiria usiku wetu wa mwezi wa Mei, mvua inapopiga saa mbili usiku na upepo ukatulia, hewa ikawa nzito kiasi kwamba kanga iliyoanikwa barazani inaamka mbichi kuliko ilivyolala: jani linapata saa kumi na mbili, si saba. Tena kuvu hii haipendi joto kali, inapenda nyuzi ishirini na kitu, ndiyo maana Januari na Februari hutulia na masika na kusi huamka. Kwa hiyo mwaridi wa pwani hauuawi na mvua yenyewe. Unauawa na jani linalolala limelowa, na zaidi ya hapo unauawa na nasaba yake, na hilo la nasaba ndilo linalonirudisha kwenye kisima cha bibi yako.

Sidhani kama unajua kwamba rangi ile ya manjano iliyokoza ina historia. Mfaransa mmoja wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, alitoa mwaka 1900 waridi aliloliita Soleil d'Or, baada ya kuchanganya waridi la bustanini na Rosa foetida, waridi la manjano la nchi kavu za upande wa Uajemi na Kaukasi. Rangi ikapatikana, dunia ikafurahi, na pamoja na rangi ukaingia udhaifu mkubwa mbele ya madoa meusi, kwa sababu mti wa nchi kavu haukuwa na haja ya kujifunza kupigana na kuvu ya majani mabichi. Mawaridi mengi ya kisasa yana chembe ya damu hiyo. Ninapoutazama ule wa manjano umesimama uchi karibu na karo, ninaona kwamba hakuna dawa nitakayoipiga itakayougeuza kuwa mtoto wa pwani.

Mwaridi wa bibi yako ni habari nyingine. Umeuona kila mwaka wa maisha yako, kwa hiyo pengine hujawahi kuutazama. Vitawi vyake ni vyembamba, miiba ni michache, majani ni madogo na laini, maua hutoka kwa vishada na petali zake si nyingi, na hakuna mwezi ambao ulikosa angalau ua moja. Sifa hizo zote ni za mawaridi ya asili ya China, ambayo yalifika Ulaya kwenye karne ya 18 na ndiyo yaliyoyarithisha mawaridi ya leo tabia ya kuchanua mara kwa mara. Wazazi wao wametoka upande wa kusini wa China, kwenye joto na mvua, wala hawangoji baridi ndipo wachanue. Nadhani, na sitakula kiapo, kwamba ule ni wa ukoo huo, na kwamba ndiyo sababu umeishi bila mtu kuupigia dawa, kando ya kisima, kwenye unyevu, miaka yote hiyo. Madoa ulikuwa nayo. Nakumbuka bibi akiyafagia majani yake kila asubuhi na kuyatia motoni. Lakini ulikuwa ukitoa majani mapya kwa haraka kuliko kuvu ilivyoweza kuyala.

Na hata uchache wa petali ni ngao. Mawaridi yale manene yenye petali mia yakinyeshewa yanashika maji ndani, tumba linagoma kufunguka, linageuka kahawia na kuota ukungu wa kijivu, halafu linaoza likiwa bado kwenye kikonyo. Ua jepesi hufunguka, hukung'uta maji na kukauka kabla ya adhuhuri.

Binamu yako wa Maskati amenipigia simu akisema ataniletea mche wa waridi la Jabal Akhdar, lile linalotoa mawardi, yaani maji ya waridi, kwa kuwa yeye anaamini kila chenye harufu nzuri lazima kiwe kimetoka Oman. Nimemshukuru na kumkatalia. Lile ni waridi la damasko, linakaa mlimani kwenye mita kama elfu mbili, linapata baridi ya kweli, na huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, wakati wa machipuko, watu wanapokesha wakichuma na kukamua. Likiletwa Tanga litatoa majani, litaugua, na litaningoja nililetee baridi ambayo sina. Tena achilia mbali maswali ya watu wa karantini ya mimea kule uwanja wa ndege. Nimemwambia aniletee chupa ya mawardi yenyewe, akanuna kidogo.

Kila mtu ana dawa, bila shaka. Jirani yangu mwenye mikorosho kule Mkinga aliniletea salfa iliyobaki msimu uliopita, akasema kama inatibu ubwiriunga wa mikorosho itatibu na mawaridi. Kwa ubwiriunga yuko sawa, kwa sababu waridi nalo lina ubwiriunga wake, ule unga mweupe unaokunja majani machanga wakati usiku una unyevu na mchana ni mkavu, na cha ajabu ugonjwa huo hauhitaji maji juu ya jani hata kidogo. Lakini madoa meusi ni ugonjwa mwingine, na salfa ikipulizwa jua likiwa kali, joto likipita nyuzi thelathini, inayachoma majani yenyewe. Kwa Tanga hiyo ni sawa na kusema isipulizwe karibu nusu ya mwaka. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, uliochanganywa na chokaa, dawa ya zamani waliyoanza nayo wakulima wa zabibu wa Ufaransa miaka ya 1880, unazuia kuvu ikiwa jani bado ni zima, ila hauponyi jani lililokwisha kushikwa, na mvua ikiuosha unarudia tena. Mafuta ya mwarobaini nayatumia kwa vidukari na utitiri, yakichanganywa na sabuni kidogo, jioni wakati nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Sikatai dawa. Ninachokataa ni kufungwa bomba mgongoni kila wiki mpaka kufa kwa ajili ya mti ambao haukuumbiwa hapa.

Kinachosaidia zaidi ni kazi ya mikono, na nikueleze kwa sababu nitakapokuachia nusu ya vipandikizi utaihitaji. Usimwagilie jioni. Najua desturi yetu ni kumwagilia baada ya Alasiri jua linapopoa, na kwa mchicha haina neno, lakini mwaridi upewe maji asubuhi, kwenye shina, majani yasiguswe. Uupande mahali ambapo jua la asubuhi linafika mapema likaushe umande, na ambapo upepo wa bahari unapita bila chumvi kuupiga moja kwa moja; mita moja na nusu kati ya mti na mti si ubadhirifu. Majani ya chini, kiasi cha futi moja kutoka ardhini, yaondoe yote, maana huko ndiko matone yanakoruka. Tawi linaloelekea katikati ya mti likate, upepo upite. Yaliyoanguka yafagie yangali mabichi, uyachome. Usiyatie kwenye shimo la mboji. Halafu tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa juu ya udongo ili mvua isirushe matope, lakini yasigusane na shina, la sivyo utawakaribisha mchwa.

Kupogoa pia kuna tofauti na tunavyoona kwenye picha za Uingereza, ambako mti hukatwa mpaka ukabaki vigutu kwa kuwa umelala kwa baridi. Wetu haulali. Ukiukata hivyo unaunyang'anya akiba yake yote. Mimi hungoja mvua zikatike, mwezi wa Juni au Julai, nikapunguza theluthi moja tu pamoja na matawi yaliyokufa, na kwa mwaka uliobaki hukata kila ua lililokwisha, juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje.

Sasa juu ya vipandikizi, ndilo jambo lenyewe. Chagua tawi lililomaliza kuchanua hivi karibuni, la unene wa penseli, si lile chipukizi laini jekundu wala lile gumu la kijivu. Lijaribu kwa mwiba: ukiusukuma kwa kidole gumba ukabanduka safi, tawi limefika. Kata urefu wa shibiri moja, lenye macho matatu au manne, chini kabisa ya jicho la mwisho. Acha majani mawili ya juu, mengine yapunguze. Lolote lenye doa jeusi usiniletee, hata kama tawi ni zuri, na mkasi uufute kwa spiriti kabla ya kuanza na unapohama kutoka tawi hadi tawi. Kisha uvifunge kwenye gazeti lililolowana kidogo, juu yake mfuko wa plastiki. Nasema kidogo, kwa maana vikiogelea vitaoza kabla ya kufika hapa.

Mpe kijana wako anaporudi chuoni, naye avibebe mapajani. Asimkabidhi kondakta. Mara ya mwisho kondakta aliweka mche wangu wa mdimu juu ya injini na ukafika umeiva.

Vyako vipande siku hiyo hiyo. Chukua mchanga wa mtoni, usichukue wa ufukweni wenye chumvi, changanya na mboji nusu kwa nusu kwenye kopo lenye matundu, chomeka vijiti mpaka macho mawili yazame, na juu yake funika chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko chake ukiwa unakifungua kila asubuhi ili hewa ipite. Kaa navyo kivulini penye mwanga. Wengine huchovya ncha kwenye utomvu wa mshubiri, hauna madhara. Mizizi huchukua wiki nne mpaka nane, na mtu asiving'oe kuchungulia, nawe unajua ninamsema nani. Mwezi huu na ule ujao ndio wakati mzuri, kwa kuwa hewa inapoa na jua si la kaskazi, na ndiyo maana nina haraka hata kuliko mafundi.

Kama utapata moyo na mtu wa nguvu, jaribuni hata mti wenyewe. Upogolewe ubaki kimo cha goti, uchimbwe kwa mbali kuzunguka shina ili utoke na donge la udongo, ufungwe kwenye gunia na kupandwa siku hiyo hiyo jioni. Mzizi wa mti mkongwe kati ya matumbawe sijui utakubali kutoka wapi, lakini mti utakaozikwa chini ya zege hauna cha kupoteza. Pale utakapoupanda usitie majivu ya jikoni, tafadhali, wala kifusi cha ukuta. Udongo wetu wa pwani una chokaa ya kutosha. Ikizidi, mti unashindwa kuchukua chuma, na majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, watu wakadhani ni ugonjwa wakaanza kununua dawa. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri inatosha, kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa sababu kwenye mchanga mvua inaosha chakula chote ukikiweka kwa mkupuo.

Nimesikia kwamba Marekani yupo bwana mmoja, William Radler, aliyezalisha waridi lililotoka mwaka 2000 kwa jina la Knock Out, ambalo madoa meusi hayaliwezi kwa urahisi, na limepandwa huko mpaka pembezoni mwa barabara. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini harufu yake ni ya kutafuta, na waridi lisilonukia siwezi kulitia kwenye kikuba cha bibi harusi baina ya asumini na mrehani, hata likae zima mwaka mzima. Ule wa bibi unanukia. Haunukii sana kama mawardi ya duka, unanukia asubuhi mapema tu, kabla jua halijapanda, na ndiyo saa aliyokuwa akiuchuma.

Basi niambie, somo. Ukuta utaanza kubomolewa lini hasa, na ni nani mwenye ufunguo wa mlango wa uani sasa? Je, mwaridi bado uko hai, au ninahangaika na mti uliokwisha kufa mimi sina habari? Maua yake ni yale yale ya pinki, au mtu aliwahi kupanda mwingine hapo? Kama unatoa chipukizi refu lenye majani tofauti kutoka chini ya ardhi, nitajulishwa? (Hilo lina maana: mti uliobebeshwa, yaani ulioungwa juu ya shina la mwaridi mwingine, hutoa chipukizi za shina la chini, na ukinikatia hizo nitapata waridi jingine kabisa.) Bibi aliupata kwa nani, kuna aliyebaki anayejua? Mjomba wako wa Bweni labda? Na wewe mwenyewe utapanda wapi nusu yako, ukiwa na uwanja wenye kivuli cha mwembe kutwa nzima? Harusi ya Mama Salma imesogezwa kweli au ni maneno ya mshona nguo?

Nijibu hata kwa mistari miwili. Wasalimie wote, na Bi Mkubwa umwambie kwamba namwombea afya na kwamba achari yake imekwisha.

Wasalaam,
Ni mimi somo yako

Tena: Barua hii anaileta Mama Salma mwenyewe, pamoja na mkasi wangu wa kupogolea na chupa ndogo ya spiriti, kwa sababu najua ungekata kwa kisu cha samaki. Mkasi naomba urudi.